Tunahamia Dodoma na watoto wawili na bibi yao: tupange wapi?

SWALI

Ndugu washauri, shikamooni, na poleni na kazi.

Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Morogoro kwenda wizarani, Mji wa Serikali, Mtumba. Natakiwa kuripoti mwanzoni mwa Januari. Nyumbani tupo watano: mimi, mume wangu, mtoto wa kiume anayemaliza darasa la tatu, binti wa miaka minne, na mama mkwe ambaye ana sukari na presha. Mama anahudhuria kliniki kila mwezi kwa kadi ya bima. Mtoto wa kiume ana pumu, vumbi likizidi halali usiku. Gari hatuna. Mume wangu anauza nafaka na anakusudia kutafuta kizimba, ama soko la Majengo ama soko la Job Ndugai.

Sasa kila mtu ana Dodoma yake. Wifi yangu anasema kuna nyumba Mkonze, vyumba vinne, uwanja mpana, kodi nafuu kuliko tunayolipa hapa. Mwenzangu kazini anasema nisijisumbue, Ihumwa ni pua na mdomo na ofisi. Dalali ananitumia picha za Kisasa, malumalu na madirisha ya aluminiamu, lakini bei yake inauma. Mume wangu yeye hataki kupanga kabisa, anasema kodi ni hela ya kutupa. Amepata kiwanja Nala, muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa mtaa, na anataka alipwe yote kabla ya Krismasi kwa sababu "barabara ya mzunguko inapita karibu." Tungejenga vyumba viwili haraka tuingie. Mama mkwe naye kasema hahamii nyumba isiyo na maji, maana amesikia Dodoma maji ni ya mgao.

Mwisho wa Oktoba tunakuja kwa treni kuangalia nyumba, tuna siku tatu tu. Tutafute wapi, tukifika kwenye nyumba tuangalie nini, na kiwanja tununue au tuache?

Mama wa Wawili, Kihonda, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mama wa Wawili. Tafuteni upande wa mashariki wa jiji, kati ya Ilazo, Kisasa na Nzuguni. Pangeni msimu mmoja mzima wa mvua upite mkiwa ndani ya nyumba ya kupanga. Kiwanja cha Nala kisubiri, na kwa karatasi aliyonayo huyo muuzaji, huenda kisubiri moja kwa moja.

Mtumba iko kama kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam. Dodoma imejengeka kufuata barabara zake kuu nne, za kwenda Dar, Arusha, Singida na Iringa, na daladala nyingi zinafuata njia hizo hizo. Anayelala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili anaingia kwanza mjini, anashuka, anasubiri gari nyingine. Mkonze iko kusini-magharibi. Kwako wewe usiye na gari ni zaidi ya kilomita 20 kwenda na zaidi ya 20 kurudi, na kubadilisha gari katikati. Ofisi za serikali zinafungua saa 1:30 asubuhi, na shule karibu saa hiyo hiyo. Wewe utakuwa umeshaondoka, mume wako mfanyabiashara wa nafaka atakuwa sokoni tangu alfajiri maana malori hayamsubiri mtu, na watoto wawili wataandaliwa na bibi mwenye presha peke yake. Hivyo vyumba vinne vya wifi yako vitakuwa vitupu kutwa nzima, na unafuu wa kodi utaishia kwenye nauli na bodaboda.

Ihumwa mwenzako hakukosea, ofisi ni karibu. Ila makazi yake bado yametawanyika, mtaa mmoja una bomba na nguzo za umeme, wa pili unasubiri. Hospitali kubwa na soko la mume wako vinabaki nyuma yenu. Kwa hiyo kabla hujamjibu dalali yeyote, kizimba kiamuliwe kwanza. Soko la Job Ndugai liko Nzuguni, jirani na stendi kuu ya mabasi. Akipata hapo, Nzuguni ndiyo chaguo la kwanza na Ihumwa la pili. Akipata Majengo, ambalo liko mjini, basi Ilazo au Kisasa mnakutana katikati: yeye anakwenda magharibi, wewe mashariki. Kisasa mtalipia na jina la mtaa, hilo mlijue. Nyumba ya vyumba vile vile ukisogea ndani Ilazo au Nzuguni huwa na kodi ya chini, na tofauti hiyo ni bora iende kwenye ada au tangi la maji. Nzuguni msikae ubavuni mwa stendi, honi za usiku hazimfai mgonjwa wala mtoto.

Kuhusu maji, mama mkwe ana haki ya kuuliza. Chanzo kikubwa cha DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ni visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, vikisaidiwa na visima vingine vikiwamo vya Nzuguni. Watu wameongezeka haraka tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, na mgao ni jambo la kawaida. Ukimuuliza mwenye nyumba "maji yapo?" atakujibu yapo, na hatakuwa amedanganya. Muulize hivi: yanatoka siku gani, yanatoka saa ngapi, na yanapanda mpaka wapi?

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wapangaji wengi. Nyumba ina simtanki juu ya mnara, mnaona mnaridhika. Kumbe maji yanafika usiku wa manane kwa msukumo mdogo, yanatosha kutoka kwenye bomba la chini karibu na mita, hayawezi kupanda mita nne kwenda kwenye tangi. Nyumba inayofaa ina tangi la chini, la kufukiwa au la kukaa sakafuni, linalojaa lenyewe usiku, halafu pampu ndogo ya nusu hosipawa inapandisha juu asubuhi. Angalieni pampu hiyo iko kwenye LUKU ya nani. Ikiwa mita moja inatumiwa na wapangaji watatu, ugomvi utaanza mwezi wa kwanza. Angalieni na boya la tangi la chini. Boya likikwama maji yanamwagika usiku kucha, na ankara ni yenu.

Ukubwa wa tangi unapigiwa hesabu. Watu watano, kila mmoja lita 60 kwa siku pamoja na kupika, kufua na choo, ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Tangi la lita 500 linakauka siku ya pili mchana. Wiki ikiwa mbaya maji yasipotoka siku saba, mnahitaji lita 2,100. Kwa hiyo simtanki la 2,000 ndilo la chini kabisa, la 3,000 ndilo la kulala usingizi. Kama nyumba ni nzuri na tangi ni dogo, usiikatae kwa hilo. Mwambie mwenye nyumba mtanunua tangi na gharama ikatwe kwenye kodi, au tangi libaki mali yenu mkihama, na liandikwe kwenye mkataba.

Halafu omba ankara tatu za mwisho za maji, hata kama ni ujumbe wa simu. Uniti moja ni lita 1,000, madumu 50. Familia kama yenu hutumia kama uniti tisa kwa mwezi. Ukikuta waliotoka walikuwa watano na ankara inasoma uniti mbili, jua maji mengine walikuwa wananunua kwa boza au kwa madumu. Hapo hapo utaona kama mita ina deni, maana deni halihami na mpangaji aliyeondoka.

Maji ya visima vya Dodoma ni magumu. Birika litaota ukoko mweupe, na sabuni haitatoa povu kama la Morogoro, hiyo si dalili ya ubovu. Lakini kama nyumba ina kisima chake binafsi na maji yana ladha ya chumvi, bibi asiyanywe kabla ya kumwuliza daktari wake. Tengeni maji ya kunywa kivyake.

Mnakuja Oktoba, na Oktoba inaficha mambo. Mvua Dodoma zina msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka huwa chini ya milimita 600, lakini hunyesha kwa vishindo, na makorongo yaliyokuwa makavu yanajaa kwa saa moja. Kiangazi korongo ni njia nzuri ya mchanga, watoto wanacheza, bodaboda wanakatiza. Angalieni takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye uzio au matawi ya chini ya miti: urefu wake ndio urefu wa maji yaliyopita. Angalieni viroba vya mchanga mlangoni kwa jirani, vizingiti vilivyoinuliwa, na ukuta uliopigwa lipu upya sehemu ya chini tu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mnayo sababu ya kuichukua namba hiyo kama kipimo chenu kwa korongo lolote.

Tazameni na rangi ya udongo. Penye udongo mwekundu wa kichanga nyumba hutulia. Penye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka mapande kiangazi, ardhi hunywa maji ikavimba na ikikauka hunywea, na msingi mwepesi hauwezi kuvumilia. Utaiona kwenye nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha, na milango inayokwaruza sakafu. Ufa unaopitisha ukucha usikutishe, unaopitisha sarafu ondokeni. Udongo huo haunyonyi maji, hivyo shimo la choo nalo hujaa mvua zikianza. Ulizeni lilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipa, kwa sababu mtandao wa majitaka uko zaidi sehemu za katikati ya mji, na huko mnakotafuta nyumba nyingi zina shimo lake.

Kwa mtoto wa pumu, epukeni nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inayopita malori ya mchanga na kokoto. Miezi mibaya ni Juni hadi Oktoba, kukavu na kuna upepo, na upepo huo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Nyumba iliyo magharibi mwa barabara ya vumbi ndiyo inayokula vumbi lote. Kama hakuna budi, mtoto alale chumba cha upande wa mbali na barabara. Nyumba ya hatua mia moja kutoka lami, ndani kidogo, ni bora kuliko ya kwenye lami yenyewe. Na Juni na Julai usiku ni baridi kwelikweli, kuliko mlivyozoea. Dirisha lenye nyavu tupu bila vioo halimfai.

Bibi atahudumiwa na kituo cha afya kilicho karibu, kliniki za sukari na presha hazihitaji hospitali kubwa kila mwezi. Likitokea kubwa, mko katikati ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Kabla hamjaondoka Morogoro achukue muhtasari wa matibabu kwa maandishi na dawa za mwezi mzima, na mwulize kituo mnachokitaka kama kinapokea kadi yake na kama dawa zake zipo kwenye duka lao. Bima kupokelewa na dawa kuwepo ni mambo mawili.

Siku zenu tatu ziwe Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Jumamosi na Jumapili tazameni nyumba, zisizidi nne kwa siku, mkizidisha zote zinafanana. Jumatatu saa 12 asubuhi simameni kituo cha daladala cha mtaa mlioupenda mwende mpaka Mtumba mkiangalia saa, kisha mrudi jioni baada ya saa 9:30 ofisi zinapotoka. Uliza wizarani kama kuna basi la watumishi na linasimama wapi. Kituo chake kinaweza kuamua mtaa.

Malipo yafanyeni kwa mwenye nyumba mwenyewe. Dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja kwa kawaida, na anaipata mkataba ukishasainiwa. Anayetaka hela ya "kushikilia nyumba" mwacheni. Nunueni umeme kidogo kwa namba ya LUKU ya nyumba hiyo. Jina likitokea tofauti na la anayejiita mwenye nyumba, aeleze. Wengi watataka miezi sita au kumi na miwili, ombeni mitatu kwanza, na mkataba utaje nani analipia kunyonya shimo la choo, nani anatengeneza pampu na notisi ni ya muda gani. Msitafute nyumba Bunge la bajeti likiwa linaendelea, Aprili hadi Juni, kama mtahitaji kuhama tena: mji unajaa na madalali wanakuwa wafalme.

Sasa kiwanja. Mwambie shemeji yetu kwamba kodi ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko kiwanja kilichouzwa mara mbili, na Dodoma migogoro ya aina hiyo si hadithi. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu fulani walikutana ofisini. Umiliki hauthibitishwi hapo. Dodoma Jiji ni eneo la mipango miji, kiwanja kina kitalu na namba, na kina mawe ya mipaka ardhini. Mpeni muuzaji kazi ya kuwaonyesha mawe hayo, kisha kwa kitalu na namba fanyeni upekuzi rasmi ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, kama kuna rehani au zuio, kama pango la ardhi linadaiwa, na matumizi yake kwenye mchoro. Akileta karatasi ya zamani ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kumbukeni mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikapelekwa halmashauri. Karatasi ihakikiwe huko kabla ya shilingi kutoka. Kama muuzaji ana ndoa na kiwanja ni mali ya familia, ridhaa ya mwenza iwe kwa maandishi, mbele ya wakili.

Barabara ya mzunguko wa nje ni kweli ipo kwenye ramani ya Nala, inapita pia Veyula na Mtumba, jumla yake zaidi ya kilomita 112. Lakini kuwa jirani nayo kuna mawili: kupanda thamani, au kuwa ndani ya hifadhi ya barabara na kuwekewa alama ya X ya kubomolewa. Na kukaa Nala huku ukifanya kazi Mtumba ni kuvuka jiji lote kila siku kutoka magharibi hadi mashariki. Kama ni kiwanja cha kuweka akiba, na upekuzi umetoka safi, mnunue kwa nafasi yenu. Muuzaji anayewakimbiza na Krismasi anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Lisilosubiri ni shule. Mwanao Januari anaingia darasa la nne, darasa la mtihani wa upimaji wa kitaifa, na usajili wa watahiniwa hufanyika mapema katika mwaka. Uhamisho wa shule za msingi unapita kwenye mfumo wa PREM, kila mwanafunzi ana namba yake. Mwombe mwalimu mkuu wa sasa namba hiyo na hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa herufi moja ikikosewa huzuia kila kitu. Mkiwa Dodoma Jumatatu hiyo hiyo, pitieni shule ya mtaa mnaoutaka, ya serikali au binafsi, mwalimu mkuu akubali kwa maandishi kwamba nafasi ipo. Kisha shule mbili zinahamishiana kwenye mfumo na maofisa elimu wanaidhinisha. Kama anasoma shule ya binafsi na kuna ada inayodaiwa, ilipeni kabla, kwani kumwachilia kunaweza kucheleweshwa kwa sababu hiyo. Ulizeni kama darasa lake linaingia asubuhi au mchana. Kwa shule yenye basi, msiulize "basi linafika kwetu?" Ulizeni linamchukua saa ngapi na nani anashuka wa kwanza. Basi linaloanzia kwenu kisha likazunguka mitaa sita humchukua mtoto saa 11:30 alfajiri hata kama shule iko kilomita tatu.

Binti wa miaka minne bado mwaka mmoja kuingia darasa la awali. Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kuwa na cheti cha usajili kupitia Ustawi wa Jamii, ombeni kukiona, kisha chungulieni jikoni na chooni. Kiwe cha kutembea kwa miguu kutoka nyumbani, kwa mwendo wa bibi.